Jinsi ya kutaniana wiki ya dabi ya Kariakoo na undugu ukabaki

Mimi ni Simba wa kuzaliwa, Tandika, nyumba ambayo siku ya mechi Uwanja wa Mkapa kelele za goli zinatufikia dirishani kabla tivii haijaonyesha, halafu nikaolewa na Yanga. Na siyo Yanga wa msimu, ni Yanga mwenye kadi na tawi lake, ukweni kote kijani na njano tupu. Mwaka wa kumi na mbili huu tupo, watoto wawili, mkubwa Simba, mdogo kamfuata baba yake. Sasa kila dabi ya Simba na Yanga ikikaribia naona watu wanavunjiana heshima mpaka basi, mtu na shemeji yake hawasalimiani, mtu kambloki dada yake wa tumbo moja kisa stika, na wote ukiwauliza wanakwambia aah ule ni utani tu. Hapana jamani, ule siyo utani, na ndo maana nimeona niandike tunavyofanya sisi nyumbani, labda itamsaidia mtu kabla ya mechi ijayo.

Anza na neno lenyewe

Redioni kila siku tunasikia "watani wa jadi, watani wa jadi" mpaka neno limekuwa kama jina la mechi. Lakini utani kwetu ni kitu kizima. Muulize Mzaramo kuhusu Mnyamwezi, au Mpare kuhusu Mchaga. Mtani wako anaweza kukuita jina lolote, anaweza kuingia kwako akachukua kuku akaondoka naye, na ukikasirika wewe ndo mwenye kosa. Ila siku ukifiwa huyo huyo anafika wa kwanza, anachota maji, anachimba kaburi, anawachekesha wafiwa ili wapumue, hasubiri kuitwa. Ruhusa ya kukutukana na wajibu wa kukuzika vimefungwa kwenye furushi moja, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Kwahiyo kabla hujamtumia mtu chochote wiki ya dabi jiulize swali moja tu, huyu akifiwa leo usiku nitaenda? Kama jibu ni ndiyo, tania mpaka uchoke. Kama jibu ni hapana, yani humjui, mmekutana tu kwenye komenti, basi ongelea mpira na ishia hapo, mama yake na sura yake na kabila lake viache. Hii peke yake ukiishika ushamaliza nusu ya kazi.

Ijue timu ya mtani wako kama unavyoijua yako

Utani wa mtu asiyejua historia ni matusi, kwa sababu hana kingine cha kusema. Baba yangu alikuwa Simba damu lakini ya Yanga alikuwa anayajua kuliko Yanga wengi wa siku hizi, na ndo maana wazee wa Yanga walikuwa wanapenda kukaa naye. Nakupa ya kuanzia.

Yanga ni ya 1935. Mwaka uliofuata, 1936, wakatoka watu wakaanzisha ya kwao, ikaitwa Queens, baadae Eagles, halafu Sunderland, na jina la Simba limekuja 1971. Kwahiyo hizi timu zimetoka tumbo moja, wote Kariakoo, mmoja Mtaa wa Msimbazi mwingine Jangwani na Twiga, ukitoka makao makuu ya huyu unafika kwa huyu kwa miguu hata jasho halijatoka. Yanga atakukumbusha hapo kwamba yeye ndo kaka, na ni kweli, mpe haki yake.

Halafu vipigo, hivi ni lazima uwe navyo kichwani na tarehe zake, vya kwako na vya kwake. Juni 1, 1968 Yanga 5, Sunderland 0. Deni hilo likalipwa Julai 19, 1977, Simba 6 Yanga 0, Kibadeni peke yake akatupia matatu, na baba alikuwa anaisimulia hiyo mechi kila Idi mpaka sisi watoto tulikuwa tunamalizia sentensi zake. Mei 6, 2012 Simba 5 Yanga 0, siku ambayo mpaka kipa Kaseja alifunga penati, na Mafisango naye alifunga, siku chache tu baadae akafariki kwa ajali ya gari, Mungu amrehemu, siwezi kuitaja ile mechi bila kumtaja. Oktoba 20, 2013 Yanga wanaongoza 3-0 mapumziko, Simba wakarudisha zote, 3-3, na mpaka leo kila upande unaamini ile mechi ulishinda. Halafu Novemba 5, 2023, Yanga 5 Simba 1, hiyo nitairudia huko chini.

Umeona raha yake? Ukisema "mkono", yani magoli matano, mwenzako anakuuliza mkono upi, wa 68, wa 2012 au wa 2023, na hapo mazungumzo yameanza, mnaweza kukaa mpaka chai ya pili.

Majina ya kuitana

Sisi tunawaita Vyura, kwa sababu Jangwani mvua ikinyesha panajaa maji. Ukweli wa Mungu ni kwamba yale maji ni ya Mto Msimbazi, jina la mtaa wetu wenyewe, kwahiyo mume wangu huwa anajibu ni nyie mnatuletea. Nao wanatuita Makolo, Mikia, Mbumbumbu. Utopolo nalo lipo, sisi tunawaita hivyo. Haya yote yanaruhusiwa, ni ya timu, yanatosha kabisa.

Yasiyoruhusiwa kwangu ni jina lolote linalomlenga mtu mwenyewe. Ukimwita mtu chura umemtania Yanga wake, ukimwita chura halafu ukaweka picha ya mkewe mjamzito uliyoihariri, umetoka kwenye mpira. Niliona hiyo kwenye grupu la kazini kwa rafiki yangu na yule mama alihama kitengo. Na usiwatanie kwa mchezaji aliyeumia, mguu wa mtu siyo wa Simba wala Yanga.

Kuwekeana

Wiki ya dabi watu wanapenda kuwekeana, na mimi sioni tatizo, tatizo ni kuweka pesa. Mkeka ni wa kwako na simu yako, lakini mtani na mtani wakiwekeana laki ujue aliyefungwa ana maumivu mawili, na la pesa halina utani ndani yake. Sisi tunaweka vitu vya kuliwa au kuvaliwa. Kreti ya soda kwa watoto wa mtaa, supu ya Jumapili, kuvaa jezi ya mwenzako kwenda dukani na kurudi. Hiyo ya jezi ni kali sana usiidharau, nimeshuhudia fundi cherehani mtu mzima akivaa ya kijani kutwa nzima kibandani kwake, kila mteja anasimama anapiga picha, na yeye mwenyewe anakaa vizuri ili picha itoke. Wateja wake waliongezeka wiki ile.

Kubalianeni mbele ya shahidi, na semeni sare itakuwaje, maana sare ndo inaleta ugomvi. Na ukishindwa lipa haraka, kabla ya usiku kuingia kama unaweza. Deni la dabi likilala linachacha.

Siku yenyewe

Kama mnaenda uwanjani, cha kwanza hakikisheni mechi ipo. Nasema kwa uchungu kabisa. Mei 8, 2021 mechi ilikuwa ya saa kumi na moja jioni, ikasogezwa saa moja usiku siku hiyo hiyo, Yanga wakafika saa yao wakaondoka, Simba wakafika saa mpya, na watu waliosafiri kutoka mikoani wakarudi bila kuona mpira. Machi 8, 2025 tena, jana yake Simba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani, wakasema hawachezi, mechi ikaahirishwa siku ya mechi yenyewe, ikaja kuchezwa Juni 25 na Yanga wakashinda 2-0. Kwahiyo wewe unayetoka Mwanza au Mbeya usikate tiketi ya basi ya kwenda na kurudi siku moja, fikia kwa ndugu, na ikiwezekana huyo ndugu awe mtani wako maana mechi ikiahirishwa angalau mtacheka pamoja.

Tiketi ni za kielektroniki, andaa N-Card yako, ile kadi ya kulipia, mapema ujue ina hela, usisubiri mlangoni pale kwa vijana wanaokuuzia nje kwa bei ya ajabu. Nendeni mapema. Ule uwanja unachukua watu 60,000 na mageti siku ya nyomi yanakuwa hatari, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya Yanga na USM Alger ya Algeria Mei 2023 watu walikanyagana nje na kuna mtu alipoteza maisha, alitoka nyumbani kwake kwenda kushangilia. Ukiona geti limejaa, kaa pembeni. Dakika kumi za mwanzo hazina thamani ya mbavu zako. Mwenye mtoto mdogo simshauri mzunguko, yale majukwaa ya bei ya chini, siku ya dabi, mlete siku nyingine.

Mkiwa wawili wa timu tofauti msikae pamoja eti mapenzi. Sisi tulijaribu mwaka wa kwanza wa ndoa, tukakaa upande wa Simba, na mume wangu dakika tisini alikaa kakunja mikono kama yuko msibani, hana pa kutoa furaha yake wala hasira yake, nilimuonea huruma. Toka siku hiyo kila mtu anaenda kwao, tunaachana getini, tunakutana kituo cha Uhasibu mechi ikiisha, na sheria yetu ni kwamba mpaka tufike nyumbani hakuna kuongelea mpira. Ile safari inatoa moto. Watu wengi wanaoharibu, wanaharibu nusu saa ya kwanza baada ya filimbi.

Kibanda umiza ni tofauti, kule mmebanana benchi moja na hamna pande, kwahiyo kaa na unayemjua, na goli likiingia shangilia juu, usimshangilie mtu usoni.

Baada ya filimbi, hapa ndo penyewe

Nilisema nitairudia 5-1. Jumapili ile mume wangu alikuwa uwanjani, mimi nilibaki nyumbani na watoto. Wametangulia wao mapema kabisa, Kibu akasawazisha, mapumziko 1-1, nikawa na amani naosha hadi vyombo. Kipindi cha pili nikakaa chini. Maxi, Aziz Ki, Maxi tena, Pacome penati. Mkubwa wangu wakati huo ana miaka tisa, alizima tivii yeye mwenyewe akaenda kulala na jezi yake bila kula.

Nikakaa nikisubiri mlango ufunguliwe na nimejiandaa kwa lolote. Akaingia, sauti imekauka kwa kelele, akasalimia, akaweka chipsi kuku mezani, akatundika jezi nyuma ya mlango, akaenda kumuangalia mtoto, akamvua viatu. Hakusema neno, usiku mzima. Nje mtaani vuvuzela zinalia, mavuvuzela ya timu yake mwenyewe, na yeye kanyamaza.

Asubuhi nimeamka, chai imeshachemshwa, na mezani kuna vikombe vitano vimepangwa mstari. Tuko wanne. Akamimina chai vikombe vinne, akamgawia kila mtu, halafu cha tano akanisogezea mimi, kitupu, taratibu, na sahani yake chini. Nilikitazama kile kikombe, nikataka kukasirika, nikashindwa, nikacheka mpaka machozi yakatoka na sijui yalikuwa ya kicheko au ya yale magoli. Mtoto naye akacheka, ndo kula kukarudi. Baada ya hapo akakichukua akakiosha, akakirudisha kabatini, na hakurudia tena. Mara moja, imeingia, imeisha.

Kwahiyo hiyo ndo kanuni ya mshindi. Kwanza subiri, mpe mwenzako usiku wake. Pili, piga moja iliyo nzuri, siyo mia mbovu. Skrinshoti arobaini kwenye grupu hazina akili ndani yake, kikombe kimoja kina akili. Tatu, malizia. Na fanya kitu kinachomhusu mnayeishi naye, siyo kitu ulichotumiwa na watu elfu.

Na mimi si kwamba nilikuwa sina rekodi. Aprili 16 mwaka ule ule tuliwafunga 2-0, Inonga na Kibu, ilikuwa Ramadhani, na kesho yake kwenye futari nilimwekea sahani yake tende mbili peke yake katikati. Alikula zote akasema alhamdulillah, akaniomba uji.

Kanuni ya aliyefungwa ni fupi, usizime simu. Ukizima simu unawaambia watu wameshakuumiza, na kesho watakuja wengi zaidi. Pokea, sema "leo yenu", mtaje mchezaji wao mmoja aliyecheza vizuri kweli, halafu endelea na shughuli. Refa mtamuongelea Jumatano, damu ikishapoa. Sisemi marefa hawakosei, wanakosea na wengine wanatuumiza sana, ila neno la refa likitoka dakika ya tisini na moja halisikilizwi na mtu hata kama lina ukweli.

Watoto

Mwache achague. Mdogo wangu alichagua Yanga akiwa na miaka minne kwa sababu ya rangi tu, na mama yangu mzazi alikasirika kuliko mimi. Usimnyime jezi ya timu aliyoipenda, usimlinganishe na ndugu yake, na usimtanie akiwa analia. Mtoto hajajua bado kwamba kuna mechi nyingine inakuja, kwake imeisha dunia. Mshike kwanza, utani ataukuta mbele.

Jezi mnunulie halali ukiweza, klabu inakula hapo. Kama uwezo hauruhusu basi, wala usimcheke mtoto wa mwenzako aliyevaa feki.

Mechi za Afrika

Hili linagombanisha watu kila mwaka, eti mzalendo lazima umshangilie mtani akicheza na Waarabu. Mimi msimamo wangu ni kwamba moyo haulazimishwi, ila kuna mipaka. Yanga walipokwenda Algiers Juni 2023 na kushinda 1-0 kwao, kipa wao Diarra akadaka penati, na kombe likaenda kwa USM kwa goli la ugenini tu, mume wangu alikaa chini ukutani na mimi nilikaa naye, sikuwa na la kusema na sikulitafuta. Na Mei 2025 sisi tulipokuwa Amaan, Zanzibar, kwenye fainali na Berkane ya Morocco, tumeshafungwa 2-0 kule kwao, Mutale katupatia moja tukapata matumaini, ikaishia 1-1, na yeye ndiye aliyeamka akanifungia tivii. Baba yangu alikuwa uwanjani 1993 Simba ilipofungwa fainali 2-0 nyumbani na Stella Abidjan baada ya sare ya huko kwao, na alikuwa anasema siku ile mtaani Yanga walimpisha njia. Walimtania wiki iliyofuata.

Kwahiyo ushangilie ama usishangilie ni juu yako. Fainali ikipotea, ngoja siku kadhaa.

Tafuta mtani mmoja wa kudumu

Hili ndo la mwisho na ndo ninaloliamini kuliko yote. Usiwe na watani mia nne wa mtandaoni, kuwa na mmoja wa uhakika. Baba alikuwa na wake, mzee mmoja wa tawi la Yanga pale Tandika, miaka na miaka kijiwe kimoja, kahawa moja, hawajawahi kukubaliana jambo hata moja la mpira. Baba alipofariki 2024 yule mzee alikuwa makaburini toka alfajiri na jembe, watu wazima wanamwambia apumzike hataki. Wakati wa kutoa jeneza akarudi nyumbani, akasimama mlangoni na skafu yake ya kijani, akatanua mikono, akasema, "Hatoki mtu hapa. Kuna deni la tano, Msimbazi walipe kwanza."

Nyumba nzima ikacheka, sisi tumelia toka usiku tukacheka, mama naye huko ndani nikasikia sauti yake. Kaka yangu akatoa sarafu ya mia tano akamwekea mkononi. Akaitazama, akaitia mfukoni, akasema imelipwa, akainama akabeba jeneza upande wa mbele.

Sasa saa moja kabla ya kila dabi ananipigia mimi. Anauliza, "Binti wa Msimbazi, kapu la magoli mnalo?" Na mimi namjibu kama baba alivyokuwa anamjibu, kwamba letu lipo, lenu si lilichukuliwa na mafuriko. Anacheka mpaka anakohoa, halafu anauliza presha ya mama inaendeleaje.